Boksi la dawa za homeopathia za farasi "kulingana na tabia yake": nimelitumia miezi mitano huku Mufindi

Kamwene wadau. Wiki hii nimeulizwa na watu watatu kuhusu lile boksi la dawa za farasi za homeopathia, mmoja yuko Iringa mjini, mwingine ana farasi wawili huko njia ya Mbeya, wa tatu hana farasi ana punda lakini anataka kujua kama na punda linamfaa, sasa badala ya kumjibu kila mtu kivyake naandika yote hapa, na ni marefu kwa sababu kuna kitu ndani ya ile huduma nimekipenda sana na kuna kitu kimenitia hasira ambayo mpaka leo haijatoka.

Mimi ni saisi, natunza farasi mwaka wa 11 huu, kwenye shamba moja huku juu, chai upande huu mipaini upande ule. Farasi wako wanne. Chausiku, jike jeusi, mkali. Asali, jike la rangi ya asali kweli, hawezi kukaa peke yake hata dakika tano. Kobe, mzee, mzito, hana haraka na dunia. Na Radi, dume lililohasiwa, miaka sita, ana moyo mwepesi, jani likidondoka anaruka. Mama bosi anawapenda hawa wanyama kwelikweli, na baada ya kusikia kwa rafiki yake wa Ulaya kwamba huko watu wanawatibu farasi kwa kuangalia tabia ya kila mmoja, aliagiza boksi kutoka nje na akalipia mshauri wa kuongea naye kwa WhatsApp. Boksi mpaka linafika Mafinga na usafiri na ushuru lilikula laki nne na ushee, mshauri elfu sitini kwa kila farasi.

Boksi lenyewe zuri, nisiseme uongo. La mbao, ndani chupa 36 za kahawia, ndogo kama kidole, kila moja ina vidonge vyeupe vya saizi ya punje ya mtama, vitamu. Maelekezo yanasema usivishike kwa mkono, unamiminia kwenye kifuniko halafu unavitia kwenye kipande cha karoti ulichokichimba katikati, na usiliweke boksi karibu na karafuu maiti wala dawa za kuchua zinazonukia maana eti zinaua nguvu. Kwa farasi kumeza hakuna shida yoyote, hata Radi ambaye ukimwonyesha sindano tu anapanda ukuta alikuwa ananifuata mwenyewe akijua kuna karoti.

Sasa kwa asiyejua hii tiba imetoka wapi. Aliyeianzisha ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alikula magamba ya mti wa kwinini akiwa mzima, akajisikia kama mtu mwenye homa, akaona basi kumbe kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo, na mwaka 1796 akayaandika. Halafu dawa inachanganywa na maji, sehemu moja kwa 99, inatikiswa, inachukuliwa tena sehemu moja kwa 99 mpya, na kuendelea. Kwenye chupa zetu imeandikwa 30C, maana yake zoezi hilo limerudiwa mara 30. Nilikaa na mtoto wa mama bosi anayesoma kidato cha sita tukapiga hesabu, ukifika mara ya 11 tu umeshapita tone moja lililomwagwa ndani ya Ziwa Nyasa zima, na kuanzia mara ya 12 usitegemee kukuta hata molekuli moja ya kile kilichotiwa mwanzo. Hapo bado 18. Kidonge kinabaki sukari iliyonyunyiziwa maji hayo ikakaushwa. Mi siku ile nilinyamaza, nikasema ngoja nione kwa farasi wenyewe, maana vitu vingi sivielewi na vinafanya kazi.

Nianze na nilichokipenda. Kabla ya kukupa jina la dawa yule mshauri anakutumia maswali, kama hamsini hivi, kwa kila farasi. Na siyo maswali ya "anakula vizuri?" Anakuuliza mvua ikianza farasi anasimama wapi, anageuzia upepo mgongo au kifua. Jasho linaanzia wapi. Akiletewa chakula anaanza na nini. Anapenda kuguswa wapi, hataki wapi, upande gani. Akiogopa anakimbia kwanza ndo anaangalia, au anaangalia kwanza. Mwenzake akiondoka analia, anazunguka, au anaacha kula. Analala chini usiku au anasinzia amesimama. Miaka kumi niliyokaa nao nikajikuta nusu ya hayo siyajui, nikaanza kwenda bandani saa kumi usiku na blanketi na tochi, baridi ya mwezi wa saba huku mnaijua, nakaa kwenye ndoo nawaangalia tu. Wiki mbili zile nimejifunza farasi kuliko miaka yote ya nyuma na nasema hilo kwa dhati kabisa.

Chausiku ndiye aliyenifungua macho. Sisi wote tulikuwa tunamwita mkali, ukimfunga mkanda wa tandiko anakugeukia na meno, ana wivu, masikio nyuma. Nikajibu maswali hivyohivyo. Mshauri akarudisha Lachesis, ambayo chanzo chake ni sumu ya nyoka, na kwenye vitabu vyao ni dawa ya jike lenye wivu lisilopenda kubanwa shingoni wala kifuani. Niliposoma nikasema huyu ni Chausiku mtupu! Nikampa kama nilivyoelekezwa. Wiki tatu, hakuna kitu, bado anang'ata.

Lakini lile swali la jasho lilikuwa limenibaki kichwani. Nikaanza kuangalia kila tukitoka safari nikivua tandiko, mgongo wote umelowa jasho isipokuwa sehemu moja nyuma ya bega la kushoto, pana kama kiganja, imekauka kabisa. Mnaojua farasi mnajua maana yake, pale tandiko linabana mpaka jasho halitoki. Nikapapasa kwa vidole viwili taratibu, akakunja ngozi yote, mguu wa nyuma ukanyanyuka. Siku zote hizo alikuwa anaumia. Tandiko lilikuwa jembamba kwake, alishanenepa tangu linunuliwe. Tumembadilishia lile pana la Kobe, tukampumzisha siku 20, leo ukimfunga mkanda anageuza kichwa anakuangalia tu anarudi kwenye nyasi zake. Ukali haupo. Naumia nikikumbuka ni mara ngapi nilimpiga kwenzi la pua kwa kumwona ana tabia mbaya.

Na hapa ndipo nilipoanza kupishana na hii tiba yenyewe. Wao wanachukua kila kitu farasi anachofanya wanakiita tabia, halafu wanaitafutia tabia chupa yake. Hataki kubanwa? Lachesis. Analilia wenzake? Pulsatilla, Asali alipewa hiyo, na bado akiachwa anapiga kelele mpaka wachuma chai wanageuka. (Kilichomsaidia kidogo ni kumzoesha, leo tunamtoa dakika mbili anarudi, kesho nne.) Kobe kwa uzito wake alipewa Calcarea carbonica, inayotokana na gamba la chaza, na Kobe yuko vilevile alivyo na hana tatizo la kutibiwa.

Sasa Radi. Shida ya Radi ni malori ya magogo. Mnaopita barabara za huku Sao Hill mnayajua, linakuja limejaa, minyororo inalia, vumbi, na njia yetu ya kuwapeleka wageni inabidi ikate barabara hiyo. Kwa Radi mshauri alitoa Phosphorus, farasi mchangamfu, mwoga wa radi na kelele, nayo ukisoma ni yeye. Na wiki ya kwanza nikaona kabisa kuna mabadiliko! Nikamwambia mama bosi imefanya kazi, akafurahi, akamwandikia rafiki yake. Lakini mzee mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa siku nyingi bandani, akaniambia "Mwanangu, wewe ndiye unayempa na wewe ndiye unayesema amepona. Hebu mwachie mwingine moja."

Neno lile nilililalia. Tukakubaliana hivi, yeye anasaga vidonge vya Phosphorus anafunga kwenye vikaratasi 12, anasaga sukari ya dukani anafunga kwenye vikaratasi 12 vinavyofanana, anaviandika namba na orodha anakaa nayo yeye. Kila siku ya kutoka ananikabidhi kimoja. Mi nampa Radi, halafu kabla ya kutoka naandika kwenye daftari nadhani leo ni dawa au ni sukari. Tukipishana na lori, alama kuanzia 1 mpaka 5 anatoa kijana anayetembea nyuma yetu, na yeye hajui chochote. 1 ni kuruka na kuvuta kamba, 5 ni kupita kama hakuna kitu. Tumekwenda safari 24, imechukua karibu miezi miwili.

Tulipofungua orodha nilikaa chini. Siku za dawa kweli Radi alipata jumla alama 37, siku za sukari 38. Kubahatisha kwangu nilipatia mara 11 kati ya 24, hata ukirusha shilingi unapata hivyo. Ila nikarudi kwenye daftari nikapanga upya, siyo kwa alichokula, kwa nilichoamini. Siku 13 nilizoandika "dawa" alipata alama 46. Siku 11 nilizoandika "sukari" alipata 29. Yaani Radi alikuwa anatulia siku ninayodhani nimempa dawa, haijalishi nimempa nini.

Najua farasi mmoja na malori 24 siyo utafiti. Lakini Sweden walishafanya kitu cha karibu na hiki, majibu yakatoka mwaka 2009, waliwafunga watu na farasi mashine za kuhesabu mapigo ya moyo, wakawaambia wawaongoze farasi kutoka hapa hadi pale mara nne, na kabla ya ile ya nne wakamwambia mtu kwamba safari hii utafunguliwa mwavuli ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya mtu yalipanda na ya farasi yakapanda, na farasi hakuambiwa habari ya mwavuli na mtu yeyote. Sasa nawaza mkono wangu kwenye ile kamba. Siku naamini kuna dawa naishika kamba imelegea, napumua, natembea begani kwake, lori likija namalizia hata wimbo wangu. Siku naamini ni sukari naanza kuikunja kamba mkononi tangu lori liko kule kwenye kona, na yeye anaipata ile habari kupitia kamba kabla hajalisikia lori. Kijana wa nyuma alipoulizwa akasema hata yeye alikuwa anaona nimevuta mabega.

Kwa hiyo mtu akiniambia farasi wake ametulia baada ya kumpa vidonge simwiti mwongo, naamini ametulia. Ninachosema sukari haikufanya kazi ile, umeifanya wewe, na unaweza kuifanya bila kulipa laki nne. Siku hizi nikiona lori nalegeza mkono kwa makusudi, nashusha pumzi mpaka tumboni, namgeuza Radi aliangalie kwa macho yote mawili badala ya kumficha. Anapata 4 siku nyingi.

Sasa hasira.

Mshauri aliniuzia wazo kwamba badala ya chanjo ya pepopunda kuna vidonge vyao vya kuzuia, vinatengenezwa kwa njia ileile ya kupunguza na kutikisa, "havina madhara". Jamani. Farasi ni katika wanyama wanaoshikwa na pepopunda upesi kuliko wengi, kijidudu chake kinakaa kwenye udongo na kwenye mavi yao wenyewe, msumari mmoja kwenye kwato unatosha, na akishakaza mwili kumrudisha ni kazi kubwa mno. Tulikataa, nashukuru mama bosi hapo hakuyumba. Lakini nawaza mtu mwenye farasi wake mmoja, hana wa kumuuliza, anaambiwa havina madhara. Vidonge vyenyewe havimdhuru, kinachomdhuru ni chanjo aliyokosa.

Na usiku wa Asali. Mwezi wa tisa, saa moja jioni amegoma kula, anageuka kuangalia ubavu wake, anakwangua chini kwa mguu wa mbele, analala anaamka. Tumbo hilo, koliki. Farasi hawezi kutapika, mjue hilo, kinachoingia kikikwama kimekwama. Nikamwandikia mshauri maana ndivyo tulivyoambiwa tufanye, akajibu haraka kweli, toa Nux vomica kila robo saa, subiri, utaona. Mi nikatoa. Nikasubiri. Masaa mawili mazima nahesabu vidonge vya sukari na Asali jasho linamtiririka shingoni. Nikaweka sikio ubavuni. Ubavu wa farasi mzima ukiusikiliza una ngurumo, kama maji yanayopita kwenye bomba la mbali, haikati. Wa Asali ulikuwa kimya. Nilihamisha sikio juu, chini, upande wa pili, kimya. Nikashika mshipa chini ya taya nikahesabu 64 kwa dakika, na farasi aliyetulia anakwenda kati ya 28 na 44. Fizi zimepauka. Hapo nikapiga simu kwa daktari wa mifugo bila kumuuliza mtu, naye akatoka Iringa usiku ule, kilomita 80 na za vumbi juu yake.

Amefika saa sita kasoro. Sindano ya maumivu, bomba kupitia puani mpaka tumboni, kwanza akatoa maji machafu yaliyokuwa yamejaa, ndo akapitisha mafuta na maji. Alfajiri Asali akajamba, samahanini lakini sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, na saa mbili akatoa mavi. Yupo hai. Daktari aliniuliza swali moja tu, "Alianza saa ngapi?" Nikamwambia saa moja. Akaangalia saa yake hakusema kitu. Yale masaa mawili ni yangu, nilikuwa nayajua mapigo, nilikuwa najua kusikiliza tumbo, na bado nilikaa nayasubiri majibu ya chupa.

Kwa wanaotaka wasikie kwa wakubwa na siyo kwa saisi wa Mufindi, baraza la utafiti wa afya la Australia mwaka 2015 lilipitia tafiti za homeopathia kwa binadamu likasema hakuna ugonjwa ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba inautibu. Na chuo cha kifalme cha madaktari wa mifugo Uingereza, mwaka 2017, kikatoa msimamo kwamba haina ushahidi unaotambulika na haisimami kwenye misingi ya kisayansi. Huko huko Ulaya boksi linakotoka.

Alama zangu. Maswali, 5 kwa 5, ningekuwa na uwezo kila anayefuga ningempa. Mshauri kwa kujibu haraka na lugha nzuri 4, kwa alichoshauri usiku wa Asali siwezi kumpa hata moja. Vidonge 0. Kwa pesa ileile ungepata chanjo, daktari wa kukagua meno mara moja kwa mwaka, stetoskopu ya kawaida ya duka la dawa, na themomita (farasi mzima ni 37.5 mpaka 38.5), na chenji ya karoti.

Maswali nimeyatafsiri kwa mkono kwenye daftari kubwa, mengine nimeyaongeza mwenyewe, na pale juu ya kila ukurasa nimeandika kwa wino mwekundu: KABLA HUJAANDIKA TABIA ANGALIA MGONGO, MENO, KWATO. Anayetaka aniambie nimpigie picha.

Na ndugu yangu wa punda, swali lako sijalisahau. Punda wanaumwa kimyakimya kuliko farasi, akisimama tu ameinamisha kichwa watu wanasema ndo tabia ya punda. Umeniambia wako amekuwa mkaidi tangu mwezi jana, hataki kuvuta mkokoteni asubuhi. Usiagize boksi. Mnyanyue miguu yote minne, safisha kwato kwa kijiti, bonyeza kwa kidole gumba katikati, halafu toa zile kamba za mkokoteni uangalie manyoya ya kifuani chini yake yakoje. Nijibu ukishaona.